Miaka Ambayo Wazee Hawakuihesabu

Mawaleh, Muscat
12 Juni 2025

Kwa Mwalimu Kigozi, Mbale

Salamu nyingi kutoka nyumba ambayo binti yako Nalubega ndiye anayeiendesha, na mimi mwenye nyumba nnaomba ruhusa hata ya kupita sebuleni wakati sakafu haijakauka.

Jina langu Harub bin Thabit. Nimezaliwa Unguja, nikaletwa Oman mdogo, nikaitumikia serikali mpaka wakaniambia asante, nenda kapumzike. Sasa kazi yangu ni kumsumbua mke wangu Nasriya na kuchora. Nnachora mstari wa miaka, karatasi moja ndefu ya kuzunguka kuta zote za majlis, chumba cha wageni, kuanzia zama za Nabii Ibrahim hadi leo. Kila Alkhamisi wazee wenzangu wanakuja, tunakunywa kahawa na kugombana juu ya tarehe. Mtu mzima akikosa kazi anatafuta ugomvi.

Juzi Nalubega alisimama na kitambaa cha vumbi mahali nilipoandika kubomolewa kwa hekalu la Nabii Suleiman, 586 kabla ya Masihi. Akasema, "Baba anahesabu vingine." Nikamuuliza, baba yako ni nani hata ahesabu vingine? Ndipo nilipojua kuwa nyinyi ni Wayahudi wa huko milimani, na kwamba wewe ndiye msomaji wenu siku za ibada. Muda wote huu nilidhani hagusi papa mkavu kwa sababu tumbo halimtaki.

Basi nieleze, Mwalimu, mnahesabuje? Nalubega anasema ulisomesha miaka mingi Bungoma, kwa hiyo Kiswahili hakina haja ya mkalimani. Hii nimeiandika kwa mkono na kuipiga picha kwa simu. Ya kwako ije hivyo hivyo, nnapenda kuona mwandiko wa mtu.

Wako,
Harub bin Thabit


Mbale
24 Juni 2025

Bwana Harub,

Barua yako imefika. Umeuliza kwa adabu, nami nitajibu kwa adabu, ingawa haikuwa rahisi kwangu kukaa mezani na kukuandikia.

Kwetu huu ni mwaka 5785 tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Nyumba ya kwanza ya Yerusalemu, yaani hekalu la Suleiman, ilibomolewa mwaka 3338. Watu wakakaa Babeli miaka sabini. Nyumba ya pili ikasimama miaka mia nne na ishirini mpaka Warumi walipoichoma. Ukitoa mwenyewe utaona kwamba ile ya kwanza ilianguka karne moja na nusu na zaidi baada ya mwaka ulioandika ukutani kwako. Najua wanahistoria wanasema vingine, nimewasoma. Hesabu hii nilifundishwa na baba yangu wakati Amin amepiga marufuku dini yetu, nasi tukisoma madirisha yamefungwa. Sikufundishwa ili niibadilishe.

Kila mwaka, tarehe tisa ya mwezi wetu wa Av, siku nyumba hizo zilipoanguka, tunafunga na kukaa chini sakafuni. Tunawakumbuka watu waliozuiwa kurudi kwao kwa amri ya mwenye nguvu. Nadhani unaelewa kwa nini siku hiyo ni nzito kwangu. Mambo ya mwaka 2021 unayajua, sitayarudia.

Mwambie binti yangu kwamba baba yake bado anamsubiri.

Kigozi


Mawaleh
6 Julai 2025

Mwalimu wangu,

Barua yako tumeisoma Alkhamisi mbele ya watu wote. Safwan, rafiki yangu, mhasibu mstaafu, alicheka mpaka kahawa ikamwagika kanzuni. Anasema hajapata kuona hesabu za kampuni zilizopoteza miaka mia na sitini na mkaguzi asistuke. Usikasirike, huyo hucheka hata mazikoni.

Kuhusu 2021, kweli ulikuwa mwaka mgumu. Corona haikumwacha mtu. Na sisi hapa tulizika.

Sasa tugombane. Nyumba ya pili mnaipa miaka mia nne na ishirini. Ukifuata Wagiriki na maandishi ya Babeli yenyewe, inakaribia mia sita. Upungufu wote umo katika zama za Waajemi. Wazee wenu wanawapa Waajemi miaka thelathini na minne tu tangu nyumba kujengwa mpaka anafika Iskandar wa Wagiriki, wakati wanahistoria wanahesabu karibu mia mbili. Wafalme wazima wamekwenda wapi? Wamefutwa kama chaki.

Tarehe, Mwalimu, inashikwa pande mbili. Chukua mfano wa hapa hapa nyumbani. Nalubega aliingia kwetu Februari 2023, wiki ile ile Nasriya alipovunjika nyonga. Hospitali wanayo tarehe ya nyonga, serikali inayo tarehe ya kitambulisho cha Nalubega. Hata mimi na wewe tukigombana mpaka kiyama, mwaka huo hausogei. Nipe ushahidi kama huo wa Waajemi wako, nami ntaichana karatasi yangu.

Nnasubiri kwa hamu,
Harub


Mbale
11 Julai 2025

Bwana Harub,

Umeandika Februari 2023. Tafadhali niambie kama umekosea.

Kabla ya hapo binti yangu alikuwa wapi?

Kigozi


Mawaleh
13 Julai 2025

Mwalimu,

Mimi na tarehe, nikosee? Nimekwenda kwenye droo kuhakikisha, maana pasipoti yake ninayo mimi, pamoja na karatasi zote za uhamiaji. Februari 2023, haina ubishi. Kabla ya hapo hatukumjua kabisa. Aliletwa na Joweria, Mganda mwenzake anayefanya kazi nyumba ya jirani. Alisema amewahi kufanya kazi pengine hapa Oman, nasi hatukumchimba. Kazi yake safi, mdomo wake mzito, nini tena?

Turudi kwa Waajemi, umewakimbia.

Harub


Mawaleh
8 Agosti 2025

Mwalimu Kigozi,

Umenyamaza, na hapa nyumbani pia kumekuwa kimya. Jumapili Nasriya alimkuta Nalubega amekaa sakafuni jikoni, hajala tangu jana yake. Nikakumbuka uliniambia habari za kufunga, nikamwambia Nasriya mwache, ni siku yao. Lakini siku ile imepita na yeye bado hali sawasawa. Simu yake ilikuwa ikilia na hakuipokea, sasa ameizima kabisa. Nimemuuliza, anasema "hakuna kitu, Baba", anaondoka na sinia.

Nasriya ananiangalia kwa jicho baya. Anasema, "Wewe umeandika kitu." Nimezisoma tena barua zangu zote na sioni kosa ila mdomo wangu mrefu, na huo ninao tangu utotoni. Kama ni kile kicheko cha Safwan, naomba radhi. Kama ni lingine, niambie.

Harub


Jikoni
9 Agosti 2025

Baba Harub,

Naandika hapa jikoni na wewe uko sebuleni, nasikia unavyokohoa. Kwa mdomo siwezi. Nitaiweka chini ya kikombe chako cha alfajiri.

Baba yangu anaamini niko kwako tangu 2019. Si kweli. Mwaka huo nililetwa kwenye nyumba moja Qurayyat. Wakala alikuwa Mayanja, mwanafunzi wa zamani wa baba, na baba mwenyewe ndiye aliyenikabidhi kwake mbele ya watu, akanibariki. Kule walikuwa wananifungia mlango. Sikuwa na siku ya kupumzika wala simu. Nilipopata nafasi nikakimbia, nikaacha kila kitu, hata pasipoti. Nikaenda Sib, nikaishi chumba cha nyuma cha watu wanaosafisha samaki. Nilisafisha samaki, nikajificha. Gari la polisi likipita naingia chini ya meza. Nilikaa hivyo mpaka serikali ilipotupa nafasi ya kutengeneza karatasi zetu na pasipoti mpya, ndipo Joweria akanileta kwenu.

Mama yangu, Nakabugo, alikufa 2021, mimi nikiwa Sib. Baba akapiga simu akasema njoo umzike mama yako. Ningefika uwanja wa ndege ningekamatwa. Nikamwambia mwenye nyumba amekataa. Hakukuwa na mwenye nyumba, Baba. Nilimtunga.

Nilipokuja kwenu, baba aliniuliza jina la tajiri wangu, nikamtajia lako. Akadhani ni wewe yule yule uliyekataa. Nikamwacha adhani. Kila akikusema vibaya kwenye simu mimi nanyamaza, halafu nakuletea chai. Ningesema ukweli angejua kwamba ni yeye aliyeniingiza nyumba ile kwa mkono wa Mayanja, na nilimjua, angekufa kwa aibu. Nikaona hiyo aibu ikae kwa mtu ambaye hatamwona maisha yake yote. Sikujua mtaanza kuandikiana.

Nilipokuambia kuwa baba anahesabu vingine, nilikuwa najivuna tu kidogo. Nilikuwa nimemkumbuka.

Mengine ya Sib, mpaka vitu nilivyokula, siwezi kuyaandika. Nimeona haya mbele yako na mbele ya Mama Nasriya ambaye namwogesha. Mkitaka niondoke, mwambie yeye aniambie.

Nalubega


Mbale
17 Agosti 2025

Ndugu yangu Harub, kama utaniruhusu kukuita hivyo,

Nimeisoma ile barua ya jikoni ambayo Nalubega amekuruhusu unitumie. Hukukosea kitu. Nimekosea mimi, na sijui nianzie wapi.

Mke wangu alipokufa, binti yangu aliniambia mwenye nyumba amemzuia. Nikalibeba neno hilo. Nilipopata jina lako nikakufanya wewe ndiye. Siku ya kufunga mwaka 2023, na tena 2024, nikiwa nimekaa chini mbele ya watu wangu, nilimtaja mfalme wa Babeli aliyewazuia mateka, kisha nikakutaja wewe. Harub wa Muscat. Watu wakaitikia. Watoto wa kilimani kwetu wanalijua jina lako kama jina la mtu mbaya. Mwaka huu nilifungua kitabu nikaliona jina lako kichwani mwangu na sauti haikutoka. Mpwa wangu Ssewanyana akasoma badala yangu. Waliniuliza kama naumwa, nikasema ndiyo.

Nimempigia Mayanja. Hakubisha hata kidogo, akasema nyumba za namna ile zipo na yeye hawezi kuzijua zote. Ni mimi niliyemshika mkono Nalubega na kumtia katika mkono wa mtu huyo. Nilijivuna kwamba Mayanja ni mimi niliyemfundisha kusoma.

Uliniuliza ushahidi wa Waajemi. Sina. Wako kwetu wanaosema Wagiriki ndio walioongeza wafalme. Wako wanaosema wazee wetu waliificha miaka ile makusudi, ili watu wasipige hesabu ya siku ya mwisho. Na wako wanaosema bila kuzunguka kwamba wazee walikosea. Nimekuwa wa kundi la kwanza maisha yangu yote. Wiki hizi nawaza jambo ambalo halimo katika kitabu chochote, ni langu tu. Wakati ule mfalme wa Uajemi alifungua lango, akasema anayetaka kurudi kwao na arudi. Wengi hawakurudi. Labda waliobaki waliona aibu kusema kwa nini. Labda mzee aliyekuwa akihesabu aliona aibu kuuliza. Basi akairuka miaka hiyo akaendelea na iliyofuata, na sisi tukairuka naye. Mimi niliongea na binti yangu kila wiki tangu alipopata simu na sikumuuliza hata mara moja chumba chake kina dirisha upande gani.

Kwa sheria yetu, Siku ya Upatanisho haifuti kosa la mtu kwa mwenzake mpaka aende amwombe mwenyewe. Siku hiyo iko karibu. Nakuomba, Harub, unisamehe.

Picha ya pili ni barua niliyomwandikia Nalubega, kwa lugha yetu. Tafadhali mwonyeshe. Sitakutafsiria.

Kigozi


Mawaleh
25 Agosti 2025

Ndugu yangu Kigozi,

Nimekusamehe kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Nasriya pia, na yeye si mwepesi. Lakini ngoja, usije ukanipa sifa nisizostahili.

Mstari wangu ukutani una kila kitu. Nnajua Bukhtunasari, yule mfalme wa Babeli, alikufa mwaka gani. Mama wa mtu anayenipikia chai sikujua kama yu hai au amekufa, sikuuliza, na haikunijia hata moyoni kwamba nilipaswa kuuliza. Uliponiandikia 2021 nikakujibu corona, kwa furaha, nikaenda zangu kwa Waajemi. Barua zako niliwasomea watu wakacheka. Nnaona haya mpaka nashindwa kukaa majlis peke yangu na karatasi ile.

Na iko hii ya pasipoti. Nilikuandikia mwenyewe kwamba iko drooni kwangu, kama mtu anayejisifu kwa mpangilio. Mtaani kwetu wengi hufanya hivyo. Tunasema tunaihifadhi isipotee, na nnajua vizuri kwamba si ruhusa. Angekuja kuniomba kwenda kuzika, ntakuambia nini, kwamba ningempa siku ile ile? Nnataka kusema ndiyo. Sina hakika. Uliponiweka karibu na mfalme wa Babeli ulikosea mwaka, Kigozi, mtu hukumkosea sana.

Nimempa pasipoti. Aliishika akauliza, "Niiweke wapi?" Nasriya akamwambia, "Popote utakapo, mwanangu."

Barua yako aliisoma jikoni amegeukia ukuta. Alipomaliza aliwasha simu.

Alkhamisi niliwaeleza wenzangu habari yote, na habari ya droo. Nilitegemea Safwan acheke, ningepata nafuu. Aliangalia kikombe chake, akaaga mapema. Mama yangu, Mungu amrehemu, alipokuwa akituhadithia habari za Unguja aliruka mwaka mmoja. Kulikuwa na harusi ya shangazi, halafu ghafla tuko Sib tunatafuta nyumba. Sisi watoto tulijua pale hapaulizwi. Ameondoka nao, na mimi mchora miaka sina hata mstari mmoja wa mwaka huo.

Nalubega atafika kwenu kabla ya siku yenu ile. Kurudi kwetu au kutorudi ni juu yake. Umuulize, Kigozi. Usiwe kama sisi.

Ndugu yako,
Harub


Mbale
5 Oktoba 2025

Baba Harub na Mama Nasriya,

Nimefika salama. Mama, zile dawa za nyonga ziko kabati la juu, Joweria ameahidi kupita kila siku kukusaidia kuoga. Sijaamua kama nitarudi. Nikiamua nitasema kwa mdomo.

Jioni kabla ya kufunga kwa Siku ya Upatanisho, watu wote wakiwa wamevaa nyeupe, baba alisimama. Alisema jina lako, Baba Harub, na watoto wakageuka maana walidhani anaanza tena. Akasema, "Mtu huyu nilimsingizia mbele yenu, na nyinyi mkaitikia, kwa hiyo mbele yenu naliondoa neno hilo." Akasema na mimi nilizuiwa na watu ambao yeye mwenyewe alinipeleka kwao. Sauti yake ilikuwa ndogo. Wapo walioangalia chini na wapo waliokuwa wakiniangalia mimi, na mimi nilikuwa sina pa kuweka uso. Ndugu mmoja wa Mayanja alikuwemo, akatoka nje. Baba hakulia. Tukaenda nyumbani.

Aliwaambia pia kwamba mwaka huu atawafundisha watoto hesabu mbili, ya wazee na ya wanahistoria, na akiulizwa ile miaka iko wapi atasema hajui. Mzee mmoja alinung'unika. Baba akamwacha anung'unike.

Kuniuliza, alikuwa hajaniuliza kitu. Nilingoja. Kila akifungua mdomo ilikuwa ni kunipa chai au kusema mvua imechelewa. Nikadhani ndivyo itakavyokuwa mpaka mwisho.

Leo asubuhi ametaka twende kwenye kaburi la mama. Ni kupanda, na magoti yake hayapandi vizuri, nikamshika mkono. Tulipofika katikati ya mlima akasimama kupumua. Akaniuliza, huko Sib nilikuwa nakula nini.

Nilijua hilo litakuja. Mnajua samaki asiye na magamba sisi hatuli. Kwenu nilikuwa nasema tumbo linaniuma. Lakini Sib waliniachia kile ambacho hakikuuzwa, na mara nyingi kilikuwa papa. Siku ya kwanza nilitapika. Baadaye sikutapika tena, nikawa namngoja huyo papa. Ningeweza kumwambia baba nilikula wali na maharage, naye angeamini, kwa sababu anataka kuamini. Nikamwambia, "Papa, baba. Nilikula papa."

Alikaa akinyoosha goti. Nikaangalia shamba la kahawa la majirani, nikawa nasubiri anihukumu.

Akauliza, "Ulikuwa unashiba?"

Nikamwambia siku nyingine ndiyo, siku nyingine hapana. Akanishika mkono tena, tukapanda.

Nalubega